Mikutano ya urasimishaji makazi mtaani kwetu Mwanza, naipa nyota nne

Wadau naona mitaa mingi inaanza kuitiwa mikutano ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima mitaa iliyojengwa bila ramani ili watu wapate hati, na watu wanauliza kama kuna haja ya kwenda au ni kupoteza muda na hela, sasa kwa kuwa kwetu tumeshapita karibu hatua zote naandika hapa nilivyoiona hiyo huduma. Kifupi nendeni, tena nendeni mapema, kabla mchoro haujapitishwa.

Kwa mgeni wa Mwanza, hapa nyumba zimepanda mawe hadi juu. Mabatini, Igogo, Isamilo, huko kote watu wamejenga katikati ya majabali, kiwanja kinauzwa kwa karatasi na mashahidi wawili watatu, ukishalipa unaanza kuvunja mawe unajenga. Sensa ya 2022 Nyamagana na Ilemela ukiziunganisha ni zaidi ya watu milioni moja, na watu wengi sana humo walijenga kabla ramani haijafika. Urasimishaji ndio unakuja kutengeneza hapo hapo mlipo bila kubomoa mtaa mzima, na upo kisheria, Sheria ya Ardhi ya 1999 inautambua. Mnaitwa mkutano wa mtaa, mnaelezwa, mnachagua kamati yenu, mnakubaliana mchango, wapimaji wanachukua vipimo, inatoka rasimu ya mchoro mnaijadili, ikipita kwenye idhini ndio bikoni (alama za mipaka ya viwanja) zinachimbiwa halafu kila mtu anaanza kufuatilia hati yake.

Sasa hiyo siku ya kujadili rasimu ndiyo imenifanya nitoe nyota nne. Walibandika picha ya mtaa iliyopigwa kutoka juu, kubwa kama shuka, watu wakaanza kutafuta mabati yao, kelele tupu, baadae wakatulia na kazi ikaanza kweli kweli. Kwenye mchoro kulikuwa na njia imechorwa imenyooka vizuri, mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa soko la Mwaloni akasimama akasema hapo mnapopaita njia ni mkondo wa maji, mvua ikinyesha hata mbuzi hapiti, sisi tunapita nyuma ya lile jiwe kubwa na ndipo tunaposhushia wagonjwa. Yule afisa wa mipango miji akamuuliza ni jiwe lipi, wakatoka wakaenda kuangalia na nusu ya mkutano ikawafuata. Njia ikahamishwa. Na pale kwenye mkondo ukachorwa mfereji, maana maji yote ya huku kwetu yanateremka mto Mirongo na Mirongo unaingia ziwani, ukijenga juu ya mkondo unamtupia mafuriko jirani wa chini. Hakuna mtaalamu angeyajua hayo akiwa ofisini, sio kwamba hajasoma, ni kwamba hajawahi kushuka hapo usiku na mgonjwa mgongoni.

Mipaka nayo ilikuwa kazi. Kuna majirani walikuwa hawasalimiani miaka kwa sababu ya ukuta, mwenyekiti akawaita wote wawili pale pale mbele ya watu, na mzee mmoja akakubali kurudisha uzio wake nyuma ili ipatikane njia ya mita nne gari la wagonjwa lifike angalau katikati ya kilima. Hakulipwa kitu yule mzee. Nilimheshimu sana siku ile.

Yaliyoniudhi sasa. Mikutano inaitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, saa hizo kina mama wako sokoni, vijana wako kwenye bodaboda, wavuvi wa dagaa waliokesha ziwani ndio wamelala, kwahiyo wanaobaki kuamua ni wastaafu na wenye nafasi. Tulipolalamika wakahamishia Jumapili jioni na watu wakajaa hadi wengine wakakaa juu ya mawe, kumbe ilikuwa inawezekana. Mapato na matumizi ya michango hayakusomwa mpaka watu walipoanza kung'aka, na mimi naona hilo lingekuwa ajenda ya kwanza kila mkutano kwa sababu mtu anayeuza vitumbua akitoa hela yake lazima ajue imeenda wapi.

Lakini kubwa kuliko yote ni mrejesho. Baada ya rasimu kuondoka kimya kikawa kirefu, ukiuliza unaambiwa iko kwenye idhini, basi. Mchoro uliporudi kile kiwanja cha watoto kuchezea tulichokubaliana wote kibaki wazi kimekatwa, imeonekana kuna viwanja viwili vya makazi pale na hakuna aliyekuja kutueleza. Kilichotuokoa ni muhtasari wa mikutano. Katibu wa kamati aliandika kila azimio na watu walisaini mahudhurio, akaenda nao na nakala ya mchoro wa kwanza, ikabidi irekebishwe na kiwanja kikarudi. Bila zile saini tungebaki tunasema "si tulikubaliana" na hakuna wa kutusikiliza. Kwahiyo mkienda hakikisheni azimio limeandikwa na limesomwa kwa sauti kabla hamjatawanyika, na kamati ibaki na nakala yake.

Katiba ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wadau waitwe mpango unapoandaliwa, kwahiyo usiombe kama fadhila. Mji wenyewe una mpango kabambe (master plan) wa 2015 hadi 2035, nendeni halmashauri mkaulize mtaa wenu umepangiwa nini humo. Hasa nyie wa Buhongwa, Kishiri na kuelekea Usagara, daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa 2025, viwanja vya huko vinagombaniwa, na bado mna nafasi ya kuacha barabara na eneo la shule kabla watu hawajajenga kama huku kwetu.

Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya wapangaji. Huku milimani nyumba moja ina wapangaji hata vyumba sita, ndio wanaobeba maji na kupita hizo njia kila siku, lakini mlangoni wanaambiwa mkutano ni wa wenye nyumba. Mchango wa hati sawa ni wa mwenye nyumba, ila njia, mfereji na taa ni za wote wanaoishi pale. Tumeshampelekea mwenyekiti hoja hiyo kwa maandishi ije kwenye mkutano ujao.