Heda ya pikapu imebonyea: je, nyundo ya kuvuta inafaa kununuliwa?

Hamjambo watazamaji, karibuni tena gerejini hapa Shimanzi. Mezani leo nina vitu viwili. Cha kwanza ni heda, zile paipu za ekzosi zinazotoa moshi kwenye kila silinda na kukutana kuwa moja; hii ni ya Hilux ya zamani, ile ya petroli yenye injini ya 22R, silinda nne, lita 2.4. Cha pili ni nyundo ya kuvuta: fimbo ya chuma, uzito unaoteleza juu yake, kishikio huku nyuma, na huku mbele nyuzi za kufungia ndoano au nati. Mafundi wa bodi wanaijua vizuri. Mmeniuliza sana kama inaweza kutoa mbonyeo kwenye paipu za ekzosi, au mtu atafute tu heda nyingine.

Jibu nawapa mapema: inafaa, na bei yake iko chini sana ya heda mpya. Lakini kazi yenyewe inafanywa na moto, nyundo inafuata tu. Kama huna gesi ya kuchomelea, wala huna fundi jirani wa kukuchomea, usiinunue.

Sogeza kamera hapa. Hii ni paipu ya silinda ya tatu, imebonyea pale paipu zinapoanza kukutana. Mnaiona hii alama inayong'aa? Hapa palikuwa pakisuguana na fremu. Jiwe halikuhusika kabisa. Raba za kushikia injini zilikuwa zimekwisha, kwa hivyo kila dereva akikanyaga mafuta injini inalala upande na heda inagonga chuma. Raba hizo zibadilishwe kwanza, la sivyo unanyoosha leo na mwezi ujao uko hapa hapa. Mbonyeo mwingine huletwa na jeki iliyowekwa pasipo mahali pake, na wanaopanda huko Kinango kwenye barabara za mawe wana hadithi zao.

Halafu kuna mbonyeo wa makusudi. Ukikuta paipu imebonyezwa vizuri, laini, bila mikwaruzo, mbele ya plagi au bolti, huo umewekwa na mtengenezaji ili spana ipate kuingia. Huo uache.

Sasa, mbonyeo unadhuru kiasi gani? Hapa watu hutishana bure. Chukua paipu yenye kipenyo cha ndani cha milimita 38. Ikilalia bapa upande mmoja hadi robo ya kipenyo, njia ya moshi imepungua kwa takriban moja ya tano. Pikapu ya kubeba saruji, inayotembea kwa mizunguko ya chini, dereva wake hatahisi kitu. Ikibonyea hadi nusu, hapo nusu ya njia imeziba, na silinda hiyo inapata taabu kutoa moshi, hasa ukipanda mlima na mzigo. Mimi mbonyeo mdogo naurekebisha tu ikiwa heda imeshafunguliwa kwa kazi nyingine. Kuifungua kwa ajili hiyo peke yake, sikubali. Studi, yaani bolti zinazoshikilia heda kwenye injini, kwa magari ya Mombasa zimeganda kwa kutu, na studi ikikatikia ndani ya silinda hedi, kile kichwa cha injini, umeanza kazi nyingine kubwa zaidi ya hii.

Na hiyo kutu ndiyo inayonishughulisha kuliko mbonyeo. Nje tunajua, ni hewa ya bahari. Ndani je? Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Gari la safari fupi, Buxton hadi Kongowea na kurudi, ekzosi yake haipati moto wa kutosha kuyakausha yale maji. Paipu za heda nyingi ni za chuma chembamba, milimita 1.2 hadi 1.6, kwa hivyo hakuna pa kupoteza. Gonga taratibu kwa nyundo ndogo. Sikieni hii... inalia. Paipu iliyoliwa hailii, inadunda tu, na unga mwekundu unamwagika ndani. Hiyo usiivute, kata kipande hicho uchomelee kingine.

Kabla ya moto, safisha hadi chuma kitupu. Sabuni na maji, kisha ikauke. Tafadhali sana, usitumie dawa ya kupuliza ya kusafishia breki. Zile zenye klorini zikipata moto hutoa gesi ya sumu, fosijeni, na gesi hiyo inaua. Na kipande cha paipu ya maji iliyopakwa zinki usikichomelee hapa. Moshi ule mweupe unakulaza na homa.

Haya, tuifanye. Flanji, ule uso bapa wa heda unaofungwa kwenye injini, nimeifunga kwa bolti kwenye bamba zito, ili joto lisiipinde. Nati nimeichomelea katikati ya mbonyeo kwa migi, mashine ya umeme ya kuchomelea kwa waya, na nyundo nimeifunga kwenye nati. Moto nauzungusha ukingoni mwanzo, sigusi katikati bado. Subirini rangi... imekuwa nyekundu kama kaa la moto. Sasa naingia katikati, na huku nyuma uzito unapiga kishikio polepole. Mmeona ukingo ulivyofunguka kwanza? Katikati panafuata penyewe. Narudisha moto, navuta tena kidogo. Ukivuta chuma baridi, nati inang'oka na kipande cha paipu, na badala ya mbonyeo una tundu. Sasa inaachwa ipoe kwa hewa, maji usimwage. Nati inakatwa kwa grainda, alama inasuguliwa, na ukiona nywele ya ufa, ichomelewe. Karibu na flanji usikubali kuchomelewa kwa shaba ya manjano, joto la pale linailainisha.

Nyundo yenyewe sasa. Hii ndogo imenipendeza kuliko zile nzito, kwa sababu chuma chekundu hakitaki nguvu. Zile ndoano zinazokuja nayo ni za bodi, hapa hazina kazi. Kishikio ni cha plastiki, kwa hivyo glavu za ngozi ni lazima. Ubaya wake mkubwa: kwenye kona kali karibu na flanji haina nafasi ya kufanya kazi. Pale utasukuma kutoka ndani kwa fimbo yenye kichwa cha mviringo. Wapo wanaoziba paipu pande zote, wanatia upepo wa kompresa na kuipasha moto. Mbonyeo unatoka kweli, lakini kizibo kikiruka kinaweza kukupiga, na mimi sitaifanya mbele yenu.

Heda ya stenlesi, au iliyopakwa seramiki, usiilete kwenye moto huu. Rangi ya seramiki inaharibika, na stenlesi inataka fundi wa kuchomelea kwa gesi ya argoni anayeijua.

Kabla ya kurudisha, weka rula ya chuma juu ya flanji na utazame kama mwanga unapita. Unapita? Isuguliwe iwe sawa. Gasiketi iwe mpya. Ukiwasha injini ya baridi na kusikia tik tik tik inayopotea injini ikipata joto, flanji inavuja. Msiichukulie kuwa ni kelele tu, jamani. Kaboni monoksidi haina harufu, na kabini za pikapu hizi zina matundu mengi yaliyozeeka. Endesha gari lipate moto vizuri, liache lipoe kabisa, kisha rudia kukaza nati zote kwa spana ya kipimo, ukianzia katikati kwenda pembeni.