Seti ya kuanzia ya kobe mchanga: unga wa kalsiamu sawa, mengine mtuachie hela zetu

Naipa nyota mbili kati ya tano, na hata hizo mbili nimezitoa kwa ajili ya unga wa kalsiamu na kile kisahani cha maji, vingine vyote kwenye lile boksi mi naona ni vya kumkamua mtu tu. Naongelea zile seti za "kila kitu kimo humu" wanazouza huku Uingereza kwenye maduka ya wanyama wa kufuga, unanunua kobe mchanga wa miezi michache afu wanakubebesha na mzigo mzima: tenki la kioo, balbu ya UVB (inayotoa miale kama ya jua, haionekani kwa macho) ile ya kujiviringa, mkeka wa kupasha joto, mfuko wa mchanga, kopo la peleti yaani chakula cha vidonge, kipimajoto cha kubandika, kisahani na unga. Baba Naima ndo kaleta hapa nyumbani Leicester siku ya bethdei ya binti, kalipa zaidi ya pauni 200 na hapo kobe mwenyewe hajahesabiwa. Duka silitaji, maana hata ukienda lingine utakuta boksi ni lilelile, rangi ndo tofauti.

Kobe mwenyewe hana neno, mzuri kweli, binti kampa jina Bwanashamba. Ni wa aina ya Hermann, wale asili yao Ulaya ya kusini, Italia, Ugiriki na maeneo hayo. Na hapa duka niwape haki yao, makaratasi walitoa yote. Hermann yuko kwenye kundi la juu la ulinzi kwahiyo huku haruhusiwi kuuzwa bila cheti cha Kifungu cha 10, kinatolewa na APHA, ile idara ya serikali ya afya ya wanyama na mimea. Ukiona mtu anakuuzia Hermann kwenye maegesho ya supamaketi anakwambia cheti kinakuja kwa posta, we ondoka tu. Akiwa mdogo hivi hawekewi chipu, ila gamba la chini likifika milimita 60 inabidi awekewe.

Sasa turudi kwenye boksi.

Tenki la kioo. Kobe haelewi kioo ni nini. Anaona upande wa pili anataka aende, basi atakwangua kwangua kona ile kutwa nzima, krr krr krr, mpaka wewe mwenyewe unaomba poo. Na hilo ndo tatizo dogo. Kubwa ni kwamba kobe hatengenezi joto lake mwenyewe mwilini, anategemea kutembea kutoka penye joto kwenda penye ubaridi, huku chini ya taa iwe kama nyuzi 30 mpaka 35 na kule mwisho iwe 20 na kitu, achague mwenyewe. Tenki lenyewe fupi, ukiwasha taa dakika chache tu kote kunakuwa sawasawa, hana pa kukimbilia. Tulichofanya, kulikuwa na shelfu la vitabu la zamani, tukalilaza chali, tukatoa mbao za katikati tukatandika plastiki ndani, basi, refu, liko wazi juu, na pembeni ni mbao haoni nje kwahiyo ametulia.

Kile kipimajoto cha kubandika nacho ni pambo, kinapima kioo badala ya pale kobe anapolala. Nunua kile cha bunduki unachoelekeza unabonyeza, cha bei ya kawaida tu kinatosha.

Balbu ndo inaniuma zaidi kwasababu hapa ndo watoto wa kobe wengi wanapoharibikia. Ngozi ya kobe ikipata miale ya UVB inatengeneza vitamini D3, na D3 ndo inamwezesha kunyonya kalsiamu iliyopo kwenye chakula. Hakuna UVB basi hata umlishe kalsiamu kwa kijiko inapita tu, gamba linakuwa laini ukibonyeza linabonyea, miguu inapinda, na mtoto ambaye alitakiwa aishi miaka 50 na zaidi anakufa hata hajamaliza miwili. Sasa hizi balbu za kujiviringa zinamwaga mwanga padogo sana, kobe akisogea kidogo tu yuko nje ya miale. Inayofanya kazi ni tyubu ndefu, T5, inayofunika sehemu kubwa ya meza, inakaa pamoja na balbu nyingine ya kawaida ya joto, unawasha kama masaa 12 usiku unazima. Na tyubu ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inawaka vizuri, sababu UVB inaisha mapema kabla ya mwanga unaouona wewe. Na jamani, kumuweka kobe dirishani apate jua haisaidii, kioo cha dirisha kinazuia UVB karibu yote. Kukiwa na jua la ukweli, ambalo kwa Leicester mnalijua wenyewe, mtoe nje kwenye nyasi, umwekee kivuli na wavu juu maana kunguru na mbweha wa huku hawana adabu.

Mkeka wa joto sina la kusema, jua linatoka juu halitoki chini. Umerudi kwenye boksi lake.

Mchanga pia hapana. Mkavu mno, anaumeza na majani unaziba utumbo. Weka udongo wa bustani usio na mbolea uchanganye na vumbi la makumbi ya nazi, ambayo huku yanauzwa yameshindiliwa kama tofali unaloweka kwenye maji yanaumuka, na kila nikilipia najisikia vibaya, makumbi! kwetu Tanga tunayachomea moto. Ila yanafanya kazi, yanashika unyevu, na kobe mchanga anahitaji unyevu, akikulia kwenye ukavu gamba linaota vilima vilima na likishaota halirudi.

Haya, chakula, hapa ndo nilitaka kufika.

Kopo la peleti lina picha ya nyanya na stroberi, hiyo peke yake inakwambia aliyetengeneza hajali. Hermann ni mla magugu. Majani yenye nyuzinyuzi, kalsiamu nyingi na protini kidogo. Matunda yanamchachia tumboni anaharisha, nyanya na tango ni maji matupu. Mkate na chakula cha paka usithubutu, na nawajua mpo mnaotupa tupa vitu. Ukimlisha vyenye nguvu nyingi anakua haraka kuliko mifupa yake, wewe unafurahi kanenepa kumbe unamharibu.

Chakula chake cha kweli ni bure. Toka nje ya mlango tu. Lile ua la njano, dandelion, linaloota kwenye kila uwanja wa nyasi Uingereza, likikomaa linakuwa kishungi cheupe watoto wanapuliza, majani yake ndo pilau la Bwanashamba. Ni ukoo mmoja na mchunga wetu, uchungu uleule, ukikata bua linatoa utomvu mweupe uleule. Na mchunga wa huku upo kabisa, unaota kwenye nyufa za pavement. Kuna na Plantago, lile jani lenye mishipa ya wima linaloota njiani watu wanalikanyaga. Ukiwa na mforosadi au mpungate hayo nayo ni mazuri, mpungate utoe miiba kwanza, maua ya hibiskasi anayapenda mno. Chuma mbali na barabara kubwa na mbali na mbwa wanapokojoa, usichume penye dawa ya magugu, osha, basi.

Muangalie anavyokula lakini. Anasogea, ananyoosha shingo, anageuza kichwa upande anaangalia jani kwa jicho moja, anafungua kinywa cha pinki anakosa, anang'ata hewa, anarudia, akilipata analikanyaga kwa mguu wa mbele anavuta kichwa nyuma mpaka lichanike. Ndo maana huwa simkatii, nampa jani zima juu ya kipande cha kigae, mdomo unajisaga wenyewe haurefuki.

Onyo kwa Waswahili wenzangu, najua mtafikiria mchicha maana maduka ya Belgrave hapa Leicester yamejaa. Mchicha na spinachi vina oksaleti nyingi inashika kalsiamu isitumike mwilini, sio sumu ila visiwe chakula cha kila siku. Winta magugu yakipungua chukua chikori na endivu supamaketi.

Unga wa kalsiamu wa kwenye seti uko sawa, ni kalsiamu tupu haina fosforasi, unanyunyiza kidogo tu juu ya majani. Na mwekee lile gamba jeupe la ndani la dome, watu wa pwani mnaliokota ufukweni, huku linauzwa kwa ajili ya ndege, atalikwangua mwenyewe akijisikia.

Kisahani nacho kizuri, kifupi, hawezi kuzama. Ila mtoto wa kobe asitegemee kisahani peke yake, muogeshe kila siku, beseni lake mwenyewe, maji vuguvugu yasizidi kidevu chake, robo saa hivi. Anakunywa humohumo na anajisaidia humohumo, usishtuke. Utaona anatoa na kitu cheupe, kikiwa laini yuko sawa, kikiwa na chengachenga ujue ana kiu. Beseni usiliweke kwenye sinki la vyombo na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, kobe wanabeba bakteria wa salmonela wenyewe wakiwa wazima kabisa.

Mzani wa jikoni, mpime kila wiki uandike. Kobe hasemi anaumwa, uzito ndo unasema. Ukiona macho yamevimba au mapovu puani usisubiri, na tafuta daktari wa wanyama anayejua watambaao, sio kila wa mbwa na paka anawajua.

Muuzaji alimwambia Baba Naima suala la kulala winta "hata usiwaze". Sio kweli, kobe hawa asili yao wanalala usingizi mrefu wakati wa baridi, na wafugaji wengi wa huku wanawalaza kwenye friji. Ndio, friji, nyuzi kama 5, unafungua mlango kila siku hewa iingie. Mama yangu kusikia kwenye simu kacheka mpaka kakata, kaniambia sasa mnaweka na ndimu? Ila kobe lazima awe mzima, daktari kamuona, na tumbo limeachwa litoke chakula chote wiki kadhaa kabla. Mgonjwa halazwi.

Na mliopo nyumbani msisome hii mkaenda kuokota kobe porini. Tanzania kobe wa porini ni wanyamapori, kuna sheria ya mwaka 2009, bila kibali unashtakiwa, na Kenya vilevile KWS, shirika lao la wanyamapori, hawana mchezo.

Kwahiyo kama mtoto kashakulilia na umeshakubali, mwambie muuzaji unataka kobe na cheti chake tu. Hela ya seti nunua tyubu ya T5 na balbu ya joto na kile kipimajoto, udongo na makumbi, na chenji inabaki. Tenki letu liko stoo halijapasuka wala nini, mwenye samaki hapa Leicester aje alibebe, bure.