Mawe ya rimoti: yapi ya kununua Nairobi, na yapi yatakuunguzia saketi

Gari letu la rimoti ni la kupanda mawe, na mwezi uliopita liliuawa na mawe. Si yale ya njiani. Nasema yale manne, betri za AA, yanayokaa mgongoni mwa rimoti, FlySky FS-i6. Niliyatia, nikawasha, skrini ikamulika kufumba na kufumbua, kisha ikaja harufu. Aliyewahi kuunguza saketi anaijua. Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameinama na gari mkononi tayari kulitua. Akaninyanyulia macho: "Shangazi, hiyo imeenda."

Nusu ya kosa ni langu. Nusu ya pili tutaifikia tukifika kwa muuzaji.

Sitawaambia jiwe gani linakaa siku nyingi, hayo mtayapata kwenye kila pakiti. Mimi nina swali moja tu: lina volti ngapi likitoka kwenye chaja? Maana ukubwa wa jiwe hausemi kitu. AA ya kawaida ina unene wa milimita 14 na nukta, na urefu wa 50 na nukta. Sasa kuna betri ya lithiamu inayoitwa 14500, na jina lake ndicho kipimo chake: 14 unene, 50 urefu. Inaingia kwenye shimo lile lile, springi inaibana vile vile, mfuniko unafunga bila kulalamika. Lakini AA ni ya volti 1.5, na hii ni ya 3.7. Ikitoka kwenye chaja inafika 4.2. Piga mara nne: 16.8. Rimoti yangu ni ya volti 6.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, geuza jiwe usome maandishi madogo. LR6 ni alkali. HR6 ni ile ya nikeli ya kuchaji. R6 tupu ni jiwe la bei ya chini. FR6 ni lithiamu isiyochajiwa, nayo ni ya volti 1.5, ingawa ikiwa mpya kabisa hufika karibu 1.8, yaani zote nne zinapita 7. Mimi FR6 siitii kwenye rimoti ya volti 6. Ukiona 14500, au 3.7V, rudisha hata kama umeshaitoa kwenye pakiti.

Haya, orodha yenyewe. Nafasi ya kwanza ni Eneloop nyeupe ya Panasonic, na sijifichi, ninaipendelea. Volti 1.2 mara nne ni 4.8, na hata ikitoka kwenye chaja inacheza kwenye 1.4 na kitu, kwa hiyo nne hazivuki 6. Rimoti ya volti 6 haiwezi kuungua kwa volti zake hata ukitaka. Zinabeba mAh 2000 hivi (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa), na kampuni inasema ukiichaji na kuiweka, baada ya miaka 10 bado ina asilimia 70 ya chaji. Mimi sina subira ya kuhakikisha hilo, ila zangu zilikaa kwenye droo tangu Krismasi hadi Pasaka zikawasha rimoti bila kuchajiwa upya. Kuna anayesema 4.8 ni kidogo. Kwa FS-i6 sijaona tatizo, zaidi ya kengele ya betri kulia mapema kidogo kuliko kwa alkali.

Kasoro yake ni bei, na kupatikana. Ukizipata mjini, bei imeshabeba usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16, na juu ya hayo yote kiburi cha mwenye duka anayejua kwamba ni yeye peke yake aliye nazo wiki hiyo. Niliwahi kutajiwa bei mbili tofauti kwa pakiti moja, dakika kumi kati yake, kwa sababu mara ya pili nilikuja na kijana aliyeonekana kujua anachotaka. Ya kwake ndiyo ilikuwa ya chini.

Ya pili ni alkali yoyote yenye jina. Nunua supamaketi palipo na mzunguko, si kwenye kibanda ambako imekaa juani.

Ya tatu ninaiweka kwa shingo upande: lithiamu ya volti 1.5 ya kuchajiwa kwa waya wa simu. Ndani yake kuna kisaketi kinachoshusha volti hadi 1.5 na kuishikilia hapo mpaka tone la mwisho, kisha inakata ghafla. Sifa hiyo kwa tochi ni nzuri. Kwa rimoti ni balaa, kwa sababu kengele ya betri hufanya kazi kwa kuona volti zikishuka. Hapa hazishuki. Unaendesha kwa raha, kisha rimoti inazima na gari liko katikati ya mteremko.

Mawe ya bei ya chini, yale ya R6: yaache kwa saa ya ukutani. Yanavuja.

Wenye rimoti kubwa msicheke, yenu pia ina mtego. FrSky Taranis Q X7 ya kwanza ilikubali kuanzia volti 6 hadi 15, kwa hiyo watu walizoea kuitilia betri ya lithiamu ya seli tatu, ambayo ikijaa ni 12.6. Ikaja Q X7 ACCESS, umbo lile lile, nayo inataka 6.5 hadi 8.4 tu. RadioMaster TX16S vilevile mwisho wake ni 8.4, seli mbili. Ukinunua rimoti mtumba, usiichukue betri ya mwenyewe kwa kumwamini. Uliza ni toleo gani.

Kuhusu yangu: niliipeleka kwa fundi Luthuli Avenue. Akaifungua, akaweka mita kwenye kile kidude cha miguu mitatu kinachoshusha volti za betri hadi 3.3 za kulishia prosesa. Upande wa kuingia kulikuwa na umeme, upande wa kutoka hakuna kitu. "Una bahati, madam," akasema, "kimekufa kwa kukata." Kingekufa kwa kupitisha, volti 16 zote zingemwagikia prosesa, na hapo ungenunua rimoti nyingine. Alibadilisha kidude na kapasita iliyokuwa jirani yake, akaijaribu kwanza kwa volti 5 kutoka mashine yake ya mezani huku akiangalia inavuta umeme kiasi gani, ndipo akaruhusu mawe. Shilingi 800. Ukiunguza yako, usiiwashe tena na tena "kuona kama itarudi". Toa mawe, ipeleke kama ilivyo.

Na muuzaji? Nilimwambia wazi: nataka AA za kuchaji, za rimoti. Akanitolea zile, zimeandikwa mAh 2800 kwa herufi kama bango la wagombea, na 3.7V kwa herufi za chungu karibu na mshono. Hiyo 2800 nayo ni uongo, 14500 ya kweli haifiki hata nusu ya hapo. Niliporudi aliniuliza risiti. Nikampa. Akaisoma, akasema imeandikwa "betri", na betri nilipewa.

Kwa hiyo zote nne bado ninazo. Nimezipaka rangi nyekundu ya kucha kutoka juu hadi chini na kuzifungia kabatini, tangu siku Mama alipoziona mezani akaanza kuuliza ile saa ya sebuleni iliyosimama iko wapi.