Programu ya Biblia yenye namba za Strong: nilivyoitumia kuchimba neno oikonomia

Kama unafundisha darasa la Biblia na hukusoma Kiyunani, weka kwenye simu programu ya Biblia yenye namba za Strong, yaani namba ambazo kamusi ya Strong imelipa kila neno la lugha ya asili ya Biblia. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Nilikuwa naandaa somo la uwakili, somo ambalo mara nyingi huishia kwenye zaka na sadaka, na hilo limenikera siku nyingi. Nikafungua Luka 16:2, "Toa hesabu ya uwakili wako", Union Version ya Kiswahili upande mmoja na King James ya Kiingereza upande wa pili, maana namba kwenye programu yangu zimebandikwa kwenye Kiingereza tu. Gusa neno, inatokea 3622: oikonomia, kutoka oikos, nyumba. Chini yake inashuka mistari mingine yenye neno hilohilo, na hapo ndipo utamu ulipo. Neno la yule wakili anayetakiwa hesabu za mali ya tajiri wake ndilo Paulo analolitumia Efeso 1:10, pale Mungu anapovijumlisha vitu vyote katika Kristo. Neno ndugu yake, oikonomos, 3623, yaani wakili mwenyewe, ndilo aliloitwa Erasto wa Warumi 16:23, "wakili wa mji". Huyo ni mtu wa kusimamia mambo ya mji, si wa kutetea kesi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni neno madaraka. Union inasema "madaraka ya wakati mkamilifu" hapo Efeso 1:10, na 1 Timotheo 5:14 wajane vijana wanatakiwa "wawe na madaraka ya nyumbani". Ukisoma Kiswahili peke yake utaapa ni neno moja. Ukigusa hili la Timotheo inakuja 3616, oikodespoteo, na ndani yake kuna despotes, bwana mwenye mali. Wakili anatunza cha mwenzake na atatoa hesabu. Mama huyu anaitawala nyumba yake. Wanaoutumia mstari huu kumnyamazisha mke nyumbani walitazame neno hilo vizuri.

Nyota moja imepotea Efeso 3:9. Union ina "madaraka ya siri", ambayo ni oikonomia, lakini nakala za Kiyunani zinatofautiana hapo, na Kiyunani kilicho nyuma ya King James kina koinonia, ushirika. Kwa hiyo orodha ya 3622 inauruka mstari huo, na programu haikuonyi. Tena maelezo ya Strong, ya mwaka 1890, ni mafupi mno: yanakurundikia maana kadhaa bila kukwambia ipi inakaa wapi. Nimesikia mahubiri ambamo zote zilibebwa zikapakiwa kwenye mstari mmoja, na inaniuma, kwa sababu watu wanaondoka wakiamini ndivyo Kiyunani kinavyosema.

Mimi namba naziachia kazi ya kunitafutia mistari. Maana naitoa kwenye sura nzima, nikiisoma mwanzo hadi mwisho.