Matandiko ya Sungura na Simbilisi: Yapi Yanunuliwe Moshi

Wengi wanaonunua sungura au simbilisi hapa Moshi huligharamia banda, kisha hutandika chochote kilicho karibu, ilhali mnyama atalala, atakojoa na kupumua juu ya kitu hicho usiku na mchana. Sungura huvuta hewa kwa pua, na nyayo zake hazina nyama laini kama za paka, zina manyoya tu. Matandiko yenye vumbi humziba pua, yaliyolowa humletea vidonda vya nyayo, na mkojo ukichacha hutoa amonia inayomchoma macho na mapafu huko chini kabla mwenyewe, aliyesimama wima, hajasikia harufu yoyote.

Nafasi ya kwanza naipa hei, yaani nyasi kavu zinazouzwa kwa marobota. Haya ndiyo matandiko pekee ambayo mnyama akiyala hufaidika, kwa kuwa meno ya sungura na simbilisi hukua maisha yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyapunguza. Robota zuri lina ukijani uliofifia na harufu tamu, na ukipenyeza mkono katikati hukuti joto wala unyevu. Likitoa vumbi jeupe linapopigwa, au likiwa na madoa meusi, lina ukungu. Liache hata ukipunguziwa bei. Unaweza pia kukata nyasi na kuzianika mwenyewe, mradi zisitoke chini ya mibuni iliyopuliziwa dawa, kwa sababu mrututu unaokinga kahawa na magonjwa hudondokea majani ya chini. Kasoro ya hei ni kwamba hainyonyi mkojo vizuri, hivyo tanguliza magazeti yaliyokunjwa mara kadhaa. Mwenye simbilisi akumbuke kwamba mnyama huyo hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, na hei ina kidogo mno. Bado anahitaji mboga mbichi au pilipili hoho kila siku.

Nafasi ya pili ni maranda, ambayo hapa hayaadimiki kwa kuwa mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai hutoa mbao nyingi za saipresi na paini. Yananyonya mkojo kuliko hei na ni mepesi kuzoa. Hata hivyo, miti hiyo ina mafuta yenye harufu kali ambayo, yakivutwa muda mrefu, huvuruga kazi ya ini la wanyama wadogo. Chagua maranda mapana ya mbao zilizokauka, kisha yatandaze juani siku kadhaa hadi harufu ififie. Muulize fundi seremala alikuwa akiranda nini: maranda ya mbao zenye rangi, vanishi, gundi au dawa ya mchwa hayafai kabisa. Kabla ya kulipa, kung'uta konzi moja juu ya kitambaa cheusi. Kitambaa kikibaki cheupe kwa vumbi, tafuta gunia jingine.

Maganda ya mpunga kutoka mashine za kukoboa za upande wa Mabogini na Chekereni nayaweka nafasi ya tatu. Ni rahisi kupatikana, lakini yana ncha zinazoweza kuchoma macho, na mkojo hupita katikati yake bila kunyonywa. Yatumie chini tu, yakiwa yamefunikwa kwa hei nene.

Unga wa mbao usinunuliwe, kwa sababu wote ni vumbi. Maganda ya kahawa pia yaachwe, kwani yana kafeini na wanyama hawa hutafuna kila wanacholalia.

Ni vyema kununua akiba Januari au Februari, kabla ya masika, na kuyaweka marobota juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta unaovuja. Ondoa kila siku kona iliyolowa na ubadilishe matandiko yote angalau mara mbili kwa wiki. Mvua zikianza, mkague mnyama chini ya mkia asubuhi na jioni, kwa maana nzi hutaga kwenye manyoya yenye mkojo na funza huweza kutoka ndani ya siku moja. Ukiwaona, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.