Nimekodi baiskeli Mallorca siku 4: barabara nyota 5, duka nyota 2 na nusu

Wakuu nimerudi Jumatatu na mapaja bado yananidai. Nakaa Köln mwaka wa saba sasa, na kila Aprili Wajerumani ninaoendesha nao baiskeli wanapotea wote, ukiuliza unaambiwa wako Mallorca, kisiwa cha Hispania. Mwaka huu nikasema ngoja na mimi nikaone kinachowapeleka, ingawa kwetu ni Lushoto, ile barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni naijua tangu nipo darasa la tatu nimebanwa kwenye Hiace, kwa hiyo mtu akinisifia kona za milimani huwa namsikiliza nusu sikio. Safari hii nimeshika adabu.

Nianze na duka ili hasira ziishe. Nilikodi Port de Pollença, jina la duka nawaachia wenyewe. Kwenye tovuti yao nilijaza kila kitu: saizi 54, breki za diski, sproketi ya nyuma iwe ya meno 34 (meno yakiwa mengi nyuma ndo kupanda kunakuwa kwepesi), maana mimi nina kilo 86 na sijidanganyi. Nafika nakuta baiskeli ya kaboni inang'aa kama ya bwana harusi, naangalia nyuma, meno 28. Kijana wa kaunta ananiambia usijali, wengi tu wanapanda na 28. Wengi gani? Wale wenye kilo 60 walioanza mbio wakiwa na miaka minane? Euro 38 kwa siku, dipoziti 200 imeshakatwa kwenye kadi, nyuma yangu foleni ya Waingereza, nikaona haya kubishana nikaichukua. Kosa langu hilo.

Siku ya kwanza nikaenda Formentor hadi kwenye mnara wa taa, karibu kilomita 20 kwenda, upepo, mbuzi wamelala katikati ya lami wala hawana habari na wewe. Pazuri sana ila siku hiyo nilikuwa napasha misuli moto tu. Mkienda kiangazi magari binafsi yanazuiwa kule, baiskeli zinapita, ni raha.

Siku ya pili ndo nikaanza kupanda zile wanazoita coll, yaani pale barabara inapovuka mgongo wa mlima. Coll de Femenia, mita 515, unatoka upande wa Pollença, kilomita 7 na ushee za kupanda taratibu chini ya miti, kengele za kondoo usiowaona zinalia. Hii ndo niliyoipenda kuliko zote na sijui kwa nini watu hawaisemi. Haikuui. Unapumua, unatazama, na huko mbele njia ya kwenda Lluc, kwenye monasteri, inapanda na kushuka kidogo kidogo kati ya mawe meupe, kisha unatokea kwenye kituo cha mafuta juu ya Coll de sa Batalla ambacho ni kama kijiwe cha waendesha baiskeli wa kisiwa kizima. Baiskeli zimeegeshwa mamia, lugha zote, jasho, keki. Mizeituni kwenye ngazi za mawe yaliyopangwa bila saruji inakufuata mpaka Caimari unaposhuka, UNESCO waliiweka safu hii yote ya milima, Tramuntana, kwenye urithi wa dunia mwaka 2011, na kusema kweli mtu wa Usambara ukiona zile ngazi unajua kabisa mgongo wa mtu uliumia pale.

Halafu chakula. Waislamu wenzangu, ile keki maarufu ya kuzungushwa kama konokono, ensaïmada, jina lenyewe limetokana na saïm, mafuta ya nguruwe. Mimi nilishaishika mkononi, dada wa mezani ndo akanistua. Nikala mkate na nyanya na mafuta ya zeituni, pa amb oli, mwambie tu asiweke nyama, na juisi ya machungwa.

Sasa siku ya tatu, Sa Calobra, barabara ya kushuka mlimani hadi ufukweni. Sikilizeni vizuri. Milima mingine unapanda kwanza ndo unashushwa kama zawadi, hii ni kinyume, unakula kwanza bili inakuja baadaye. Barabara yenyewe inaishia baharini, hakuna nyingine ya gari. Mhandisi Antonio Parietti aliichora na ikakamilika 1932, yeye ndo huyo huyo wa barabara ya Formentor, wakaijenga kwa mikono. Ina kona 26 kali za kurudi ulikotoka, na pale juu alitaka kuteremsha bila kutoboa mwamba kwa handaki, basi akaizungusha barabara ikapita chini yake yenyewe kama mtu anafunga tai, na ndivyo wanavyopaita, Nus de sa Corbata, fundo la tai. Unaposhuka unacheka peke yako kama chizi. Chini kuna korongo la Torrent de Pareis linafungukia baharini kati ya kuta mbili za mwamba, nikakaa pale nusu saa nimetoa viatu, naangalia maji, nimesahau kabisa kuhusu meno 28.

Meno 28 hayakunisahau. Kilomita 9 na nusu hivi, wastani wa asilimia 7, mpaka Coll dels Reis mita 682. Nilitoka chini saa tano asubuhi, na hilo ndo kosa la pili, mabasi ya watalii yalikuwa yameshaanza. Kuna mahali mwamba umebana barabara huku na huku, basi likija wewe simama, usilete ubishi wa Ubungo. Kwenye kilomita ya nne gia zimekwisha, nasukuma pedeli moja moja kama mtu anasaga mahindi kwa jiwe, binti mmoja wa miaka kama 16 akanipita anaongea na baba yake. ANAONGEA. Kona ya saba kutoka juu nikashuka nikatembea, viatu vya kubana pedeli vinateleza kwenye lami kak kak kak. Siogopi kusema. Nilitumia saa moja na dakika 27.

Jioni nikarudi dukani, safari hii sikuona haya. Fundi wao, mzee mmoja mtaratibu sana, nyota 5 zake peke yake, akabadilisha sproketi kwa dakika ishirini na akakaza breki bila kuambiwa. Kaunta wakanitoza euro 15 kwa kitu nilichoagiza tangu Februari.

Siku ya nne na meno 34 nikapita hadi mji wa Sóller nikapanda barabara ya mlima Puig Major, kilomita 14 wastani wa asilimia 6, ni ndefu lakini unapata mdundo wako unaenda nao, juu unaingia kwenye handaki (mjibebee taa, ndani giza) unatokea upande wa pili kwenye mabwawa ya Cúber na Gorg Blau, maji ya kijani yametulia, baridi mpaka meno. Beba koti la upepo hata kama chini kuna jua. Na anayetokea Palma, mji mkuu, asijaribu lile handaki kubwa la Sóller, baiskeli haziruhusiwi, unapita juu Coll de Sóller.

Anayekwenda: andika gia unazotaka, piga picha ya oda yako, ukifika hesabu meno kabla hujatoa kadi. Sa Calobra uwe umeshaanza kupanda kabla ya saa tatu.

Dipoziti imerudi baada ya siku tisa, imepungua euro 12 za kuosha baiskeli. Niliiosha mwenyewe, kwa bomba lao, mbele ya yule kijana wa kaunta.