Chama cha akiba kilichonidai deni la mwingine

Kwa miaka sita nimeweka akiba katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Lubumbashi, na kwa upande wa kuweka na kutoa fedha sina malalamiko: dirisha hufunguliwa kwa wakati, kitabu hujazwa mbele ya macho yangu, na dola niliyoweka hutoka siku ninayoihitaji. Tathmini hii inahusu idara yao ya kufuatilia madeni, ambayo kuanzia mwezi wa tatu ilinidai dola 840 za mkopo ambao sikuuomba, sikuutia saini wala sikuudhamini.

Chanzo ni jina. Katika Katanga, Ilunga, Kasongo na Ngoy wamejaa kila mtaa, na watu wawili kulingana majina mawili si ajabu hata kidogo. Kinachowatofautisha ni jina la ubatizo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi ya mpiga kura, ambayo wengi wetu tunaitumia kama kitambulisho. Mdaiwa wao alikuwa amezima simu na kuondoka mtaa wa Katuba alikokuwa akikaa. Karani aliyetafuta namba nyingine kwenye kompyuta aliandika majina mawili tu, akakuta langu, akahamishia namba yangu kwenye faili la yule mama. Tangu siku hiyo, kwa mujibu wa karatasi zao, mdaiwa alikuwa mimi.

Kila wakala aliyepiga simu nilimweleza, naye akajibu kwamba wadaiwa wote husema hivyohivyo (na labda ni kweli). Mmoja alinishauri nilipe walau dola 20 ili mambo yatulie. Nilikataa, kwa sababu anayelipa sehemu ya deni huonekana amelikubali lote.

Jumapili moja, bukari (ugali wetu) ikiwa juu ya mbabula, jiko la makaa, mawakala wawili waliingia lupango letu, yaani ua wa nyumba, na kumuuliza jirani kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: «Ule mama wa deni iko wapi?» Kesho yake, katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, mwenzangu anayenipa vikwembe (vitambaa vya nguo) vya kuuza kwa mali kauli aliniomba kwanza fedha taslimu. Hasara hiyo haimo katika faili lolote.

Nilikwenda ofisini na kadi yangu na kitabu cha akiba. Mara ya kwanza mlinzi alinirudisha kwa wakala yuleyule, maana hapana dirisha la mtu anayesema «si mimi». Mara ya pili nilisisitiza kumwona mkuu wa mikopo, naye, ni haki nimsifu, aliweka mafaili mawili kando kwa kando juu ya meza. Katika la mdaiwa palikuwa na picha ya mama aliyezaliwa mwaka 1968, na chini ya mkataba alama ya kidole gumba. Katika langu, mwaka 1987 na saini. Hazikupita dakika kumi. «Mama, utusamehe», alisema. Nikamwomba barua yenye muhuri inayoeleza kwamba sidaiwi, kwa kuwa pole ya mdomo haisomeki kwa wakala wa mwezi ujao. Barua ilichukua majuma matatu.

Kwa aliye katika hali kama yangu: Kongo imo tangu mwaka 2012 katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, na kwa sheria zake mdai anayetaka amri ya kulipa huiomba mahakamani, akionyesha deni la hakika, lenye kiasi kinachojulikana na ambalo muda wake wa kulipwa umefika; anayedaiwa naye ana haki ya kuipinga amri hiyo. Wakala mwenye fulana ya chama hana ruhusa ya kubeba redio wala kiti cha mtu. Mwombe mkataba, tazama tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi, na andika siku na saa ya kila simu.

Akiba wanastahili nyota nne kati ya tano. Ufuatiliaji wa madeni, moja. Niliomba pia wale mawakala wawili warudi lupangoni na kusema mbele ya jirani yuleyule kwamba walikosea. Mkuu alikubali. Hadi leo hawajafika, na barua nimemsomea jirani mwenyewe.